Viwanja Vitupu vya Mtwara

Anayeingia Mtwara mjini mara ya kwanza hushangazwa na kitu adimu katika miji yetu: nafasi. Barabara ni pana kuliko magari yanayozipita. Ofisi moja na nyingine zimeachana kiasi kwamba mwenda kwa miguu huchoka kabla hajafika. Kati ya nyumba na nyumba hukosi kuona kiwanja cha mchanga chenye nyasi, mikorosho miwili mitatu, mwembe unaowapa kivuli vijana wa bodaboda, na mbuzi waliofungwa kamba. Wageni wengi husema mji huu umelala. Mimi nimekuja kuamini kinyume chake. Viwanja vile viko kazini mchana na usiku, na kwa kuwa kazi yao haina mshahara wala kibao cha mradi, tunaviita vitupu na kuviuza.

Nafasi hiyo ililetwa na karanga. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa haina mafuta ya kula ya kutosha, iliamua kulima karanga Tanganyika kwa kiwango kikubwa mno, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini. Ghuba ya Mtwara ina kina cha kupokea meli kubwa, basi ikachaguliwa kuwa bandari. Reli ikatandazwa, na mji mpya ukachorwa kwenye karatasi kabla wakazi wake hawajakuwapo. Ukame, udongo ulioganda kama saruji wakati wa kiangazi na matrekta yaliyokufa mapema viliushinda mradi. Januari 1951 ulifutwa, ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Jina lake limebaki kwenye kata ya Reli. Wakazi ambao mji ule ulikusudiwa kuwabeba mara nyingi hutajwa kuwa 200,000. Sensa ya 2012, zaidi ya miaka sitini baadaye, ilihesabu watu 108,299 katika manispaa nzima ya Mtwara-Mikindani. Mtoto alivishwa shati la mtu mzima, na bado hajalijaza.

Waliochora ramani za namna hiyo walikuwa na mwalimu. Mwaka 1898 Ebenezer Howard, mwandishi wa hatimkato katika Bunge la London, alichapisha kitabu kilichopendekeza miji-bustani: nyumba zisisongane, kila familia iwe na miti na hewa, na mashamba yauzunguke mji ili usifurike ovyo. Lilikuwa wazo la huruma, maana London ya siku zake ilikuwa ya moshi na vyumba vya watu kumi. Lakini lilipofika makoloni lilipindwa. Ukanda wa kijani ukageuzwa uzio wa kuwatenga watu kwa rangi, kwa kisingizio cha malaria. Ndiyo maana katika miji mingi iliyopangwa na Waingereza, Mtwara ikiwamo, sehemu yenye upepo wa bahari na viwanja vikubwa ilikuwa uzunguni, kama Shangani, na wafanyakazi walipewa vipande vidogo vya bara. Nasema haya mapema kwa sababu nitakuja kuitetea nafasi ya Mtwara, na sitaki msomaji afikiri nawatetea walioigawa.

Ukitoka mjini ukafuata barabara ya Lindi, mwendo wa kilomita kumi hivi, unafika Mikindani, na hapo unakuta wazo jingine kabisa la mji. Mikindani ilikuwa mji wa jahazi karne nyingi kabla ya karanga. David Livingstone alipitia hapo mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho, na Wajerumani walijenga boma lao hapo mwaka 1895. Vichochoro ni vyembamba. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, zimeegemeana bega kwa bega, na mbele zina baraza ambapo watu huzungumza, huuza na hungoja magharibi. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, na sababu iko baharini. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka haikuzidi sana mita mbili na nusu au tatu. Msitu wa mikoko ndio uliopima chumba. Mtu alizaliwa, akaoa na akafia ndani ya upana wa mti.

Kwa hiyo manispaa moja ina majibu mawili ya swali moja: mji ujibane au ujitandaze? Wataalamu wa dunia wamegombana juu ya swali hilo kwa miaka thelathini sasa. Mwaka 1993 Marekani kulianzishwa jumuiya ya wabunifu, Andrés Duany akiwa miongoni mwa waasisi, waliotaka kurudisha mtaa wa kale: nyumba zikaribiane, duka liwe hatua chache, watu wakutane kwa miguu. Kwao mji ulioachana ni mji wa gari, unaokula mafuta, ardhi na urafiki. Wangefika Mikindani wangesema, tazameni, ndiyo hii. Miaka michache baadaye Charles Waldheim na wenzake wakaja na hoja nyingine: mji usianze na nyumba, uanze na mandhari. Kwanza jua maji yanapita wapi, udongo gani unabeba nini, miti ipi iko wapi. Hiyo ndiyo mifupa ya mji, na majengo ni nyama inayokuja baadaye. Mwaka 2013 Duany alishiriki kuhariri kitabu kizima cha kuwapinga. Upande mmoja ulidai wenzao wanaficha mitawanyiko ya magari nyuma ya majani. Upande wa pili ulidai wenzao wanajenga mitaa mizuri juu ya mabwawa.

Aliyenisaidia kuuelewa ugomvi huu alikuwa ameandika kabla haujaanza. Ian McHarg, Mskoti aliyefundisha Marekani, alichapisha mwaka 1969 kitabu kilichoeleza mbinu nyepesi. Chukua karatasi zinazopitisha mwanga. Kwenye ya kwanza tia kivuli pale maji yanaposimama. Kwenye ya pili, pale udongo ulipo dhaifu. Kwenye ya tatu, msitu. Ya nne, mteremko. Kisha zipange moja juu ya nyingine uzitazame kwenye dirisha. Penye giza zito usijenge. Penye mwanga, jenga, tena jenga kwa kubanana. Kompyuta za ofisi za ardhi leo hufanya jambo hilohilo kwa tabaka za ramani. Kwa McHarg swali la kujibana au kujitandaza halina jibu moja kwa mji mzima, kwa sababu linajibiwa na kila kipande cha ardhi.

Basi tuzitandaze karatasi za Mtwara.

Ya kwanza ni ya joto. Luke Howard, mtengeneza dawa wa London na ndiye aliyeyapa mawingu majina yanayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa hadi leo, alianza mwaka 1818 kuchapisha vipimo vyake vya hali ya hewa ya jiji hilo. Aligundua kwamba usiku London ilikuwa na joto zaidi ya mashamba ya jirani kwa takriban nyuzijoto 2 za Selsiasi. Wataalamu wa leo huliita jambo hilo kisiwa cha joto. Saruji, lami na matofali hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, na pasipo na udongo wenye unyevu na majani hakuna cha kulipunguza. Kila aliyelala chumba cha ukuta wa tofali za saruji Mtwara mwezi wa Desemba, ukuta ukiwa bado moto saa nne usiku, anakijua kisiwa hicho bila kufundishwa.

Sasa kipi kina ubaridi zaidi, kichochoro au bustani? Mwaka 2006 mtafiti Erik Johansson alichapisha vipimo vyake kutoka Fez, Moroko. Mchana wa kiangazi, vichochoro vyembamba vyenye kuta ndefu vya mji wa kale vilikuwa na joto pungufu kwa wastani wa nyuzijoto 6 kuliko mitaa mipana ya mji mpya, na siku kali zaidi tofauti ilifika 10. Ushindi wa Mikindani, mtu angesema. Lakini Fez ni kukavu, na pwani yetu ni ya jasho. Mwili wa binadamu hujipoza kwa kukausha jasho, na hewa ikijaa unyevu jasho halikauki; linatiririka tu. Kwetu kivuli peke yake hakitoshi. Lazima na upepo upite.

Mwaka 2018 Johansson akiwa na Moohammed Wasim Yahia na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa kwa mifano ya kompyuta ya mitaa halisi ya Dar es Salaam. Mitaa ya nyumba fupi zisizo na miti ndiyo iliyomtesa mtu zaidi, kwa sababu jua humpiga kichwani na ardhi humpiga toka chini. Mitaa yenye majengo marefu ilikuwa nafuu, kwa kivuli chake. Miti yenye majani mengi ilipunguza sana mateso, ila katika baadhi ya sehemu ilipunguza pia upepo. Nilipousoma nilifurahi, kwa sababu uliniambia kitu ambacho bibi zetu wanakitenda bila kukiandika: mwembe wa uani hukatwa matawi ya chini. Kivuli kinabaki juu, kusi linapita chini, na mkeka hutandikwa katikati yake.

Mti una kazi ya pili, nayo inaweza kuhesabiwa kwa kipimo tunachokijua sote. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto sawa na theluthi mbili hivi za uniti moja ya umeme wa LUKU. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha chini yake unaweza kutoa lita mia kwa siku kupitia majani. Hiyo ni karibu uniti 67 za joto lililoondolewa hewani kwa siku moja. Kumbuka kwamba kikomo cha bei nafuu ya umeme wa nyumbani ni uniti 75 kwa mwezi mzima. Ni kweli kwamba katika hewa yenye unyevu kama yetu sehemu ya faida hiyo hupungua, na kivuli hubaki zawadi kubwa zaidi ya mti. Hata hivyo, mtu anayekata mwembe wa miaka arobaini ili atandaze pavingi za kuegesha gari moja ametupa mashine ambayo hawezi kuinunua tena maishani mwake.

Karatasi ya pili ni ya maji, na hapa ndipo naomba msomaji asiwe na haraka.

Chukua nyumba ya bati yenye paa la mita 10 kwa 8. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ambayo haina ujanja wowote. Mvua kubwa ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, paa hilo linapokea lita 4,000, yaani mapipa ishirini. Mtwara hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo kila nyumba ya ukubwa huo hupokea mapipa mia nne kwa mwaka. Zidisha kwa nyumba za mtaa mzima. Ongeza ua uliosakafiwa, barabara ya lami, kanisa, msikiti, stendi. Maji hayo lazima yaende mahali.

Kabla ya mji yalikwenda chini. Ardhi ya Mtwara na sehemu kubwa ya pwani ya kusini ni mchanga mwekundu na wa njano ambao wanajiolojia wameupa jina la Mikindani, na jina hilo hutumika hata ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Mchanga huo hunywa. Watu wa Uwanda wa Makonde wanalijua hilo kwa uchungu: Newala iko juu, mvua inanyesha, na bado kwa vizazi wanawake walishuka mabondeni kuteka maji, kwa sababu mchanga wa juu hauzuii kitu. Unachokiona kama ukame juu ni chemchemi chini. Mji wa Mtwara wenyewe unakunywa maji ya ardhini, yakiwamo ya visima vya Mtawanya. Kila kiwanja cha mchanga kisichosakafiwa ni mdomo wa kisima fulani.

Karibu na bahari jambo hili lina ukali wake. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ofisa wa jeshi la Uholanzi, Willem Badon Ghijben, alikuwa akitafuta maji karibu na Amsterdam. Mwaka 1901 mhandisi Mjerumani Alexander Herzberg aliandika juu ya jambo lilelile alilolikuta kwenye kisiwa cha Norderney. Waligundua kwamba chini ya ufuo maji baridi hayakai juu ya mwamba mkavu. Yanaelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kidogo. Uzito huo unatoa kanuni: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Ukigeuza kanuni hiyo unaelewa kwa nini kisima kilichokuwa kitamu huja kuwa na chumvi. Usawa wa maji baridi ukishuka mita moja tu, baada ya muda chumvi inapanda kuelekea mita 40. Mtu anavuta kwa pampu, jirani anavuta, nyua zote zimesakafiwa, mvua inakimbizwa baharini kwa mtaro, na siku moja chai ya asubuhi inakuwa na ladha ngeni. Hakuna aliyemwaga chumvi kisimani. Tumeondoa uzito uliokuwa ukiikandamiza.

Sisemi mitaro ni mibaya. Mtwara-Mikindani ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa katika mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na barabara za lami zilizokuja na mradi ule zimebadilisha maisha ya watu. Lakini mtaro una udhaifu ambao hauonekani siku ya uzinduzi. Mdomo wake uko baharini, na bahari yetu hupanda na kushuka mita tatu hadi nne wakati wa bamvua. Mvua kubwa ikikutana na maji makuu ya bamvua, mtaro hauna pa kumwaga. Maji yanarudi nyuma, yanatafuta pa chini kabisa, na pa chini kabisa mara nyingi pana nyumba ya mtu aliyeuziwa kiwanja wakati wa kiangazi, bikoni zikiwa zimekaa vizuri na ardhi ikiwa kavu kabisa. Kiwanja hicho alikiona kitupu. Kwa mwaka mzima kilikuwa kitupu kweli, isipokuwa siku sita au saba ambazo mji wote ulikihitaji.

Tangu miaka ya 2010 viwanja vya namna hiyo vinajazwa kwa kasi. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilipata bomba lake la kwenda Dar es Salaam mwaka 2015. Mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kikafunguliwa. Bandari ikaongezewa gati la mita 300. Mwaka 2013, kabla ya bomba, watu wa Mtwara walikuwa wameandamana wakiuliza mali inayotoka hapa inaacha nini hapa. Lilikuwa swali la haki, na nataka liulizwe pia juu ya mvua. Inaanguka hapa, bure, mapipa mia nne kwa kila paa, nasi tunatumia fedha kuisindikiza baharini, kisha tunatumia fedha nyingine kuchimba kisima kirefu zaidi.

Karatasi ya tatu ni ya mikoko na bahari, nayo iko kusini, mwendo wa kama saa moja hadi mbili kwa gari kutegemea barabara, ambapo Ruvuma inaingia baharini kati yetu na Msumbiji. Tangu mwaka 2000 eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji. Neno vijiji hapo ni muhimu. Hifadhi hii haikuwahamisha watu wa Msimbati na wenzao. Wako ndani yake, wavuvi na wakulima, na visima vya gesi viko ndani yake pia. Ni mahali ambapo ugomvi wa wabunifu wa miji unafanyika bila mji.

Mikoko ya pale husimama kwa mpangilio. Mlilana huwa mbele kabisa, ukipigwa na maji. Nyuma yake mkoko wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, kisha mkandaa, na mchu ulio tayari kuishi hata penye chumvi kali, ukitoa mizizi ya kupumulia inayochomoza matopeni kama penseli. Watafiti waliokusanya vipimo kutoka sehemu mbalimbali za dunia wamekuta kwamba mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi ya upepo kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea unene wa msitu na kina cha maji. Chini ya mizizi kuna hazina nyingine. Mwaka 2011 Daniel Donato na wenzake walichapisha vipimo vya mikoko ya Asia na Pasifiki vilivyoonyesha wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta, sehemu kubwa yake ikiwa kwenye tope. Tope jeusi linalonuka ndilo ghala.

Lakini mikoko si ukuta wa ajabu. Bahari yenyewe inapoinuliwa na kimbunga, yaani maji kujaa na kuingia bara, mikoko huipunguza kwa sentimita chache hadi hamsini hivi kwa kila kilomita ya msitu. Upana ndio kila kitu. Delta ya Ruvuma ina upana huo. Kandokando ya mji ukanda ni mwembamba, na mahali pengine umekatwa kupisha mashamba ya chumvi. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto, siku ambayo Mtwara ilifunga shule na ofisi ikakingoja. Kiligeukia jirani, kikaua kwake. Hatuna mkataba na kimbunga kijacho.

Na hapa lazima niseme jambo juu ya Mikindani ninayoipenda. Mji ule wa mawe ulitoka baharini, kihalisi kabisa. Matumbawe yalichimbwa, yakapangwa juu ya kuni, mara nyingi kuni za mikoko, yakachomwa mpaka yawe chokaa. Kwa nyumba chache za karne nyingi bahari ilivumilia. Idadi ya nyumba ilipokua, uchimbaji wa matumbawe ukawa moja ya majeraha makubwa ya miamba ya ghuba ya Mikindani. Na miamba ya pwani hii si yetu peke yetu: mkondo mkubwa wa bahari unaovuka kutoka mashariki hufika Afrika karibu na hapa, latitudo ya 11 kusini, kisha hugawanyika, tawi moja likipanda kaskazini kufuata pwani ya Tanzania na Kenya. Mabuu wadogo wa samaki na matumbawe husafiri nao. Mwamba uliochomwa chokaa Mtwara ni kitalu kilichofungwa kwa watu wa mbali. Wanaosifu mji wa kubanana wasitusahaulishe ulikula nini ulipojengwa.

Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito, na mikoko yote ni hifadhi ya msitu. Mita 60 ni bora kuliko sifuri. Lakini ni kipimo cha kamba, sawa kwenye jabali la Shangani na sawa kwenye tope la Mikindani, wakati maji hayatembei kwa kamba. Karatasi za McHarg zingetoa mstari uliopinda: mita 20 hapa, mita 400 pale, na kidole kirefu kinachoingia katikati ya mji kufuata bonde la maji ambalo leo lina bikoni.

Dar es Salaam ilichelewa kuzitandaza karatasi hizo. Desemba 2011 mafuriko yaliyolikumba jiji, Bonde la Msimbazi likiwamo, yaliua watu wasiopungua 40, na familia zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, fedha zinazotumika kuwalipa watu waondoke, kupanua mto na kutengeneza bustani itakayoruhusiwa kufurika. Naunga mkono mradi ule. Lakini tazama kinachonunuliwa kwa mamilioni hayo: ardhi ya chini, wazi, yenye nyasi, inayoweza kukaa na maji siku chache kwa mwaka. Mtwara wanayo leo, na inauzwa kwa bei ya kiwanja.

Ningekuwa na sauti katika baraza la madiwani ningeomba mambo yasiyo ya kupendeza kwa kila kambi. Mji wa kati, wenye lami na umeme tayari, ujengwe kwa kubanana na kwenda juu, ghorofa tatu nne, baraza kwa baraza kama Mikindani, ili anayehitaji kuishi karibu na kazi asisukumwe bondeni. Na viwanja vya chini visipewe hati kabisa. Viitwe kwa jina la kazi yao kwenye ramani, kama vile tunavyoandika hospitali au shule. Wenye viwanja hivyo kihalali wabadilishiwe, maana si haki mtu mmoja abebe gharama ya kisima cha mji mzima.

Wakati tunangoja ramani, kuna kipimo ambacho kila mwenye kiwanja anaweza kukifanya Jumamosi moja. Chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko. Lijaze maji, yaache yanywewe yote, ulijaze tena, na mara hii tazama saa. Kwenye mchanga wa Mikindani usioguswa maji huzama ukiwa bado umeshika ndoo. Kwenye ua uliopondwa na magari na kumwagiwa zege la nusunusu yatakungoja mpaka umalize chai. Rudia mahali pengine pa kiwanja hichohicho, chini ya mwembe, na karibu na msingi. Fanya tena Machi, katikati ya masika. Ukikuta shimo limejaa kabla hujamimina, hapo maji ya ardhini yamepanda kukulaki. Msingi wa nyumba usogeze, choo kisogeze mbali zaidi, na hapo panda mti.